Viatu Vyenye Meno

Nikinusa gundi ya viatu mpaka leo, husimama. Sisemi ile ya watoto ya kubandika karatasi. Nasema ile ya njano, ya mkebe, ambayo fundi huipaka kwa kijiti halafu anangoja ikauke huku macho yakimwasha. Juzi nilipita kwa kijana mmoja hapa Embu mjini anishonee kamba ya mkoba, na kabla hajafungua mdomo harufu ile ikanirudisha Runyenjes, kwenye benchi la Fundi Mutiso, Mama kando yangu, na mdogo wangu Wawira chini ya benchi ameziba masikio. Nikiwa bado nimesimama pale simu ikalia, nikaambiwa Mutiso ameaga dunia. Mtasema nimetunga. Semeni mnavyotaka.

Wawira ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Alikuwa mtoto mzuri ajabu, paji pana, macho ya kutazama pembeni, na hakuwa na maneno yake mwenyewe. Aliazima. Ukimsemesha alikurudishia ulichosema, ama alikupa kitu alichosikia siku nyingine kabisa: tangazo la redio la dawa ya kupe, mhubiri akiomba, Mama akifukuza kuku. Na hayakuwa maneno tu, ilikuwa sauti ile ile. Mhubiri akipiga chafya katikati ya maombi, Wawira naye alipiga chafya hapo hapo. Sisi watoto tulicheka mpaka tukagaagaa chini. Baba hakucheka.

Siku hizi kuna jina, usonji, na kuna madaktari wa kulieleza. Wakati huo, kwetu Kanja, kulikuwa na majina mengine na sitayarudia hapa. Walichokubaliana wote ni kwamba Wawira alikuwa mtoto wa kukataa. Amekataa sweta. Amekataa kuchanwa nywele. Amekataa uji wenye madonge. Gauni alilivaa, lakini ndani nje, na ukiligeuza aligeuza tena, mpaka Mama akachoka akamwachia. Na kuliko vyote alikuwa amekataa viatu. Ukimvalisha soksi tu alipiga nduru kama aliyemwagikiwa na maji moto. Alitembea miguu mitupu, kwa ncha za vidole, kwenye nyasi zenye umande, na hapo ndipo ungemwona ametulia.

Shida ilikuja alipofika umri wa darasa la kwanza. Funza walikuwa wametuvamia vibaya, watoto wengine wakitembea kwa visigino, na mwalimu mkuu alikuwa ametangaza hata kanisani kwamba asiye na viatu asije. Huyo mwalimu mkuu alikuwa mama mnene, mpole, lakini hasemi jambo mara mbili. Mama alikwenda kumwomba, mimi nimeshika sketi yake.

"Mama Igoki, mimi simkatai mtoto," mwalimu mkuu akasema; Igoki ndiye mimi. "Nakataa miguu mitupu. Nikimruhusu wako, wale wenye funza nitawaambia nini?"

Utabishana nini hapo? Lakini nyumbani Baba naye alikuwa akingojea jibu hilo hilo. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, mtu wa kalamu mfukoni, na alikuwa amechoka kuulizwa njiani habari za mtoto wake. Dada yake, shangazi yetu wa Meru, alikuwa amemtafutia Wawira nafasi kwenye nyumba moja ya watoto mbali huko, ambako mtoto akiingia, wazazi humwona likizo kwa likizo. Baba akasema wazi, chakula kikiwa mezani. Wawira akipokelewa siku ya kufungua shule, atabaki nyumbani. Akifukuzwa, anapanda gari siku hiyo hiyo. Akatoa sanduku la bati alilosomea sekondari, akalipangusa vumbi, akaliweka kando ya mlango. Mama hakumaliza chakula chake. Mimi nililala kitanda kimoja na Wawira na nilikuwa nimezoea mguu wake uwe juu yangu, sikujua mtu hulalaje bila mguu huo. Nililichukia lile sanduku, nikawa nalipiga teke kila nikipita.

Shangazi akatuita Meru kwanza tujaribu viatu vya mitumba. Alikuwa akiuza ndizi soko la Gakoromone, na alikuwa na uhakika kwamba ugonjwa wa Wawira ni kudekezwa. "Lete hiyo mguu hapa," akasema. Akamketisha juu ya gunia, akambana kwa magoti, akasukuma mguu ndani ya kiatu cheusi cha kamba. Wawira alipiga nduru soko likageuka. Halafu akamuuma shangazi mkono, akachomoka, akapotea.

Mnaijua Gakoromone siku ya soko. Mikokoteni, magunia, watu wakiitana, na mle ndani kuna mtoto asiyeitika jina lake. Mama alikimbia akiita mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nikilia huku nikichungulia chini ya kila meza. Tulimpata nyuma ya rundo la majani ya migomba, penye baridi na unyevu, ametulia tuli, miguu ameizika ndani ya majani mpaka kwenye vifundo. Kiatu kimoja kilikuwa kimepotea kabisa.

"Umeona sasa?" Shangazi akasema akijipuliza mkono. "Mpeleke kule leo leo. Wacha kujitesa, Mama Igoki."

"Ni wangu," Mama akasema. Tukarudi nyumbani na kiatu kimoja.

Shule ilikuwa karibu kufunguliwa Mama alipotupeleka kwa Fundi Mutiso. Huyu alikuwa Mkamba aliyekuja Runyenjes kijana akaoa akakaa. Kiembu alikisikia vizuri lakini alikataa katakata kukisema, kwa hiyo kibandani kwake ilikuwa Kiswahili tu. Mtu mwembamba, mkali, mwenye kikohozi cha gundi, na majivuno usiseme. Ukigusa kiatu kwenye rafu yake alikohoa kwanza, khe-khe, kisha akafoka, "Usishike kazi yangu!" Runyenjes nzima ilimwiga. Hata wanawake wakipika harusini, ukinyoosha mkono kwenye sufuria, uliambiwa hivyo hivyo na kikohozi juu.

Siku hiyo hakumtazama Wawira sana. Aliuliza swali alilomuuliza kila mteja. "Viatu vinamuuma wapi?"

Sasa nisikilizeni. Nyumbani tulisema Kiembu. Kiswahili kilikuwa cha darasani, na darasani kuuma ilikuwa kazi ya mbwa, nyoka na nyuki. Tulikuwa tumeziimba sentensi hizo mpaka mwalimu mwenyewe akachoka. Na tangu Wawira azaliwe sikuwa nimesikia mtu akisema kwamba viatu vimemfanya kitu. Siku zote yeye ndiye aliyekataa. Leo mtu mzima, tena fundi, anauliza vinamuuma wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ni jambo linalojulikana. Kumbe! Mtoto anaumwa na viatu na sisi tunamshika aendelee kuumwa!

Mutiso akakichukua kile kiatu cha Gakoromone akawa anamwonyesha Mama. "Hapa nitapanua. Huu ulimi nitausukuma nyuma kidogo."

Ulimi! Kama kina ulimi, meno yatakosaje? Fundi alipokiweka chini nikakivuta, nikafumba macho, nikaingiza mkono mpaka mwisho, nikiogopa kweli kweli. Nikayatafuta, nikayapata. Kulikuwa na mstari wa uzi mgumu juu ya vidole, na fundo pale unapoishia. Kulikuwa na ukingo wa ngozi uliokunjwa kwa nyuma, na vichwa vya misumari vikichungulia chini ya kisigino. Kila nilipopeleka kidole kulikuwa na kitu kinanikwaruza.

"Khe-khe! Usishike kazi..."

"Nimeyapata!" nikapiga kelele. "Meno! Mama, yako huku ndani, mengi!"

Mutiso alicheka mpaka akashika ubavu. Mama hakucheka. Alininyang'anya kiatu, akaingiza mkono wake, akafumba macho kama mimi, akapapasa polepole mpaka mwisho. Kisha akainama kumtazama Wawira chini ya benchi, na gauni lake lile la ndani nje, mishono yote inaning'inia hewani. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Nilidhani amekasirika.

"Nitengenezee vingine," akamwambia Mutiso. "Mishono yote iwe nje. Ndani kuwe laini kama shavu. Ulimi sitaki. Msumari sitaki."

Kicheko kikakatika. "Mama Igoki, kiatu ikitoka hapa na nyuzi nje, watu watasema Mutiso alikuwa amelewa. Mimi sijawahi kuaibika katika hii soko."

"Basi aibika," Mama akasema, akakaa kwenye benchi.

Na hakuondoka. Wateja walikuja wakapita, jua likahama, Mama amekaa tu, mkoba mapajani. Chini ya benchi Wawira akaanza tangazo la dawa ya kupe, akilimaliza analirudia. Mwishowe Mutiso akatupa sindano. "Sina ngozi laini hivyo! Zangu zote ni za ng'ombe, ngumu. Lete ngozi, nitajaribu." Alisema hivyo kutufukuza. Ngozi laini tungeitoa wapi?

Nyuma ya mlango wa nyumba yetu kulikuwa na jaketi la ngozi la Baba. Aliliwekea akiba ya misimu ya kahawa, na alilivaa safarini hata jua likiwaka, jasho likimtiririka, hatoi. Kesho yake Mama alilikunja, akalitia kiondoni, juu akatandaza sukumawiki. Mutiso alipolifunua alimtazama Mama, akaitazama mikono ya jaketi, myeusi, laini.

"Mwenye hii anajua?"

"Kata," Mama akasema.

Alikata mikono yote miwili. Nilisikia mkasi ukipita nikajua sasa tumekwisha; jaketi bila mikono Mama akalirudisha nyuma ya mlango. Kiatu cha kwanza Mutiso alikibandika soli kwa gundi kama kawaida, na Wawira alipokisogelea alitapika palepale, miguuni pa fundi. Ikabidi aanze upya kwa uzi mtupu uliopakwa nta, na soli ya mpira wa tyubu ya gari, usiopiga kelele. Alishona akilalamika bila kupumzika. "Hakuna gundi, hakuna msumari, hakuna ulimi. Hii si kiatu. Hii ni mfuko wa mguu!" Lakini nilimwona, alipodhani hatutazami, akiingiza mkono ndani na kufumba macho.

Tulivichukua Jumamosi. Vilikuwa viatu vya ajabu, vipana mbele, vimezungukwa na mishono iliyosimama kama upindo wa sambusa. Wawira alivipokea. Akaingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, akatulia. Mama akaanza kutabasamu. Lakini hakuvitoa mikononi. Alikula hivyo, tukimlisha. Alikwenda kanisani Jumapili hivyo, akivipiga pamoja taratibu wakati wa nyimbo, watu wakigeuka. Mama alijaribu mara moja tu kumsogezea kimoja mguuni, na Wawira akapiga nduru, akakirudisha mkononi.

Baba aliyaona yote hayo. Baada ya chakula alifungua sanduku la bati akaanza kupanga: magauni mawili, blanketi, sabuni, kikombe cha plastiki. Alipanga vizuri, akikunja kila kitu pembe kwa pembe. Mama alikuwa jikoni akiosha sufuria moja ile ile. Nilimwomba Mungu siku hiyo kwa nguvu zangu zote, na nilimwomba kwa Kiswahili, nikiamini Kiswahili kina uzito zaidi.

Asubuhi ya Jumatatu Baba alinyoosha mkono nyuma ya mlango avae jaketi lake la safari. Akalishika. Akaligeuza upande huu na huu. Kisha akaitazama mikono ya Wawira, na vile viatu, na Mama. Nilijibana ukutani nikingoja nyumba ianguke.

"Tutaongea," akasema. Akalivaa bila mikono, akafunga sanduku kwenye karia ya baiskeli, akatufuata.

Njia ilikuwa ndefu. Mbele Wawira na viatu mikononi, kisha Mama na mimi, nyuma baiskeli ikilia kri, kri, na kikombe kikigongagonga ndani ya bati. Shule ilipoonekana Mama alianza kulia bila sauti, akijipangusa kwa kilemba kana kwamba ni vumbi. Tulipofika langoni kengele ya paredi ikapigwa, na nikajua Wawira atakimbia, maana kengele alikuwa haiwezi. Hakukimbia. Alikaa chini kwenye kokoto, akavitoa viatu mikononi, akavivaa miguuni. Cha kulia, cha kushoto. Hakuna aliyemwambia, na mpaka leo sijui kwa nini wakati huo. Kisha akaniingizia mkono wake kwapani, kama alivyozoea, tukaingia.

Mwalimu wa zamu alikuwa kijana mgeni, ana fimbo, anakagua miguu mstari kwa mstari. Alipotufikia akasimama.

"Wewe! Umevaa viatu ndani nje?"

Shule ikaangua kicheko.

"Mwalimu, ndivyo vilivyo," nikasema.

"Nyamaza. Ni yeye nimeuliza. Vua, uvae vizuri."

Wawira hakuvua. Alianza kuunguruma kooni, ule mngurumo mdogo unaokuja kabla ya nduru, nami nikausikia mpaka mifupani. Langoni niliwaona Mama na Baba na baiskeli. Mwalimu mkuu alikuwa jukwaani akitazama. Mwalimu wa zamu akachuchumaa, akanyoosha mkono, akashika kiatu kwa kisigino avute.

"Khe-khe! Usishike kazi yangu!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, ya Kikamba, ya hasira, yenye gundi kifuani. Mwalimu aliruka nyuma akaketi vumbini. Paredi nzima ikageuka kumtafuta Mutiso. Hapakuwa na Mutiso. Palikuwa na mdogo wangu, anatazama pembeni, na mngurumo umekwisha.

Wa kwanza kucheka alikuwa mwalimu mkuu. Alicheka akishika kifua, akashuka jukwaani, akaja akainama kuvitazama vile viatu kwa macho tu, bila kugusa.

"Huyo ni Mutiso mtupu," akasema. Kisha akamgeukia mwalimu. "Inuka. Nilisema viatu. Sikusema mishono ikae wapi. Peleka mtoto darasa la kwanza."

Nilitazama langoni. Baba alikuwa ameigeuza baiskeli, anaisukuma kurudi alikotoka, sanduku likiwa juu, jaketi halina mikono, na Mama anamfuata akicheka na kulia pamoja. Jioni kikombe cha plastiki kilikuwa kimerudi kwenye vyombo. Waliongea kweli, tulisikia ukutani, lakini jaketi Baba aliendelea kulivaa, hata kanisani, na akiulizwa alisema ndio mtindo.

Mutiso alimshonea Wawira viatu vile maisha yake yote, akilalamika kila mara. Wengine walianza kuja na watoto wao, kutoka Kanja, hata Meru, na hao pia aliwaambia wanamwaibisha.

Kwa hiyo jana nilikwenda na Wawira kumpa pole mjane wake. Mama Kasyoka amezeeka, macho yamefifia. Alituketisha sebuleni, na alipoinama kupapasa kiti chake, mkono wake ukagusa kiatu cha Wawira. Akaisikia ile mishono. Akaishika.

"Khe-khe! Usishike kazi yangu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nyumba ilijaa waombolezaji. Mama Kasyoka aliganda pale alipoinama, machozi yakaanza kumtoka.

"Mwambie aseme tena," akaniomba.

"Haambiwi, mama," nikamjibu. "Husema mwenyewe."

Alifikiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono polepole, akakishika kiatu tena.